Kisogo cha Tunu

Nilisikia saluni kwamba mashine ya kliniki, ile inayopima vichwa vya watoto ili mwizi ajulikane kabla hajaiba, haipendi kisogo bapa. Basi usingizi ukaniruka. Tunu wangu bado ananyonya, na kisogo chake ni kama chapati. Akiandikwa mwizi, atavishwa bangili nyekundu, na shule haitampokea.

Mama mkwe akacheka. "Mwanangu, kichwa si kinakandwa? Hata mumeo nilimkanda mimi."

Akapasha mafuta ya nazi, akamkanda mjukuu wake kila asubuhi hadi kisogo kikachongoka.

Tulipofika kliniki mashine ikalia. Nesi akasoma, akasema, "Si mwizi."

"Alhamdulillahi!"

"Ni tapeli."

Mama mkwe akang'aka, "Tapeli na hata meno hana?"

"Bibi, hebu sogea na wewe nikupime."

Bibi akavuta mtandio hadi kwenye nyusi, akatoka mbio.

Sasa Tunu ana bangili. Jana alinichekea, nikajikuta nimeshika pochi.

Kina mama wenzangu, epukeni haya:
Kumlaza mtoto chali kutwa.
Kumkanda kichwa kabla hajapimwa.
Kwenda kliniki na bibi yake.
Kumkagua viganja akimaliza kunyonya.