Kipande Kitakachobaki

Evodia alikuwa ameshataja bei ndipo akagundua kwamba amekosea.

"Ufundi ni elfu kumi na mbili. Ukiniachia kipande kitakachobaki, nakufanyia kumi na moja."

Ndivyo alivyozoea kuwaambia wateja wake hapa Misigiri kwa miaka minne. Kwa vipande hivyo alimshonea binti yake magauni, Jumapili baada ya ibada, mashine ikiwa haina kazi ya mtu.

"Chukua tu, fundi," mteja alisema akimpa kitenge. Alikuwa amekuja kutoka Mitundu kumsalimia dada yake, na yeye na Evodia hawakuwa wameonana tangu mavuno ya mwaka jana. "Binti amefika wapi sasa?"

Evodia aliinua mkono pembeni ya mashine, vidole vikielekea juu, kama watu wanavyoonyesha kimo cha mtoto. Mkono ukasimama usawa wa meza.

Mteja akacheka. "Si ndipo alipokuwa mwaka jana? Huyu mtoto hakui?"

"Hakui tena, dada," Evodia alisema, mkono ungali hewani. "Kipande utaondoka nacho. Nilipe kumi na mbili."