Majani Mawili ya Daftari

Bi Gundi aliinua chuma cha kwanza, akakiweka chini taratibu kama anayelaza mtoto. Kisha cha pili. Hakuwa akifungua kazi yake. Alikuwa akifungua kazi ya Vidole.

Karakana ilikuwa tupu. Saa saba na robo, wenzake wote wameenda kula. Alijua ana dakika ishirini.

Miaka ishirini na miwili alikuwa akitibu karatasi za kale katika jumba lile la nyaraka, ndiyo maana wakamwita Bi Gundi. Vidole alikuja mwaka jana tu, na jina hilo alipewa na mkurugenzi mwenyewe. "Tazameni vidole vya huyu binti!" alisema siku ya kwanza, mbele ya watu. Bi Gundi alicheka pamoja na wengine, na usiku hakula.

Sasa mkuu wa karakana alikuwa anastaafu, na kiti kilitakiwa na wawili hao. Mkurugenzi hakutaka maneno mengi. Alichukua daftari la zamani la vipimo vya ardhi, akachomoa majani mawili yaliyofuatana, akampa kila mmoja lake. Wadudu walikuwa wametoboa daftari zima kwa mpigo mmoja, hivyo matundu ya jani hili yalikuwa yaleyale ya jani lile, na pembe zenye namba za kurasa zilikwishaliwa. Mwandiko ni wa karani mmoja, wa kizamani, hakuna aliyeweza kuusoma.

"Zibeni," mkurugenzi alisema. "Ijumaa nitaangalia."

Wakaziba Jumatatu, kila mtu mezani kwake, jani limelazwa kifudifudi, maana kiraka hubandikwa mgongoni. Kiraka kikiwa kibichi hakisemi kitu. Ni doa tu la majimaji. Uzuri wake au aibu yake huonekana kikishakauka. Kwa hiyo kila jani liliwekwa kati ya karatasi za kukaushia, mbao juu, vyuma juu ya mbao, na kikadi chenye jina la fundi. Halafu unasubiri, na hufungui. Ndivyo alivyofundishwa, na ndivyo alivyomfundisha Vidole.

Kusubiri ndiko kulikomshinda.

"Mama watoto, unalala unageuka kama chapati," mumewe alimwambia Jumatano. "Unamwonea gere mtu kwa sababu ya karatasi?"

"Si karatasi. Ni kiti changu."

"Basi kalia hiki, chai inapoa."

Leo, Alhamisi, aliinua ubao wa Vidole, akafunua karatasi ya kukaushia. Akainama. Akarudi nyuma hatua mbili. Akainama tena.

Kazi ilikuwa safi mpaka ikamkera. Ukisimama mbali, matundu hayapo. Ukisogea, unaviona viraka, kama kazi ya ukweli inavyotakiwa, kingo zake zimechanwa kwa brashi yenye maji mpaka nyuzi zikatoka kama manyoya na kushikana na karatasi ya kale bila kujikunja.

"Hata kuchana kwangu kaniiga," Bi Gundi alinong'ona. "Kaniiga, kisha kanipita!"

Akaenda kwenye rundo lake, akafungua. Viraka vilikuwa vizuri, hakuna wa kuvitukana, lakini pembe moja ilikuwa imevuta, na gundi imeacha mng'ao mdogo. Mkono umezeeka, alijiambia. Hata sijui umezeeka lini.

Alisimama katikati ya meza mbili. Akamwona Vidole kwenye kiti kile, akimwita "dada" kwa sauti ile ya adabu, akimpangia zamu.

Akalichukua jani lile zuri kwa mikono miwili, akalihamishia chini ya kikadi chake. Lile jingine akalipeleka kwa Vidole. Akarudisha mbao. Akarudisha vyuma, kimoja kimoja. Vidole aliporudi alimkuta anakoroga gundi isiyohitaji kukorogwa.

"Hujala, dada?"

"Nimeshiba."

"Hata mimi chakula hakipiti siku hizi," Vidole akasema, akageuka kutazama dirisha.

Ijumaa mkurugenzi alifungua marundo yote mawili. Alikaa na lenye kikadi cha Bi Gundi muda mrefu, miwani puani, mdomo wazi.

"Miaka ishirini na miwili," akasema mwishowe, "na mkono bado unazidi kuwa mwepesi. Vidole, mwanangu, yako nzuri. Lakini hii njoo uitazame. Hiki kiti kina mwenyewe."

Watu wakapiga makofi. Bi Gundi alishika ukingo wa meza. Kiti alichokililia mwaka mzima kilikuwa chake, na alitamani sakafu ifunguke. Vidole hakupiga makofi wala hakulia. Alilitazama jani, kisha akamtazama yeye.

Watu walipotawanyika, Bi Gundi alienda kwenye sinki kuosha brashi. Alisikia hatua nyuma yake. Nitamwambia, akaamua. Nitamwambia sasa hivi, kiti akichukue.

"Mdogo wangu, kuna jambo..."

"Dada, naomba nianze mimi." Vidole alikuwa amesimama, mikono nyuma kama mwanafunzi. "Hukunisema mbele ya watu, na ungeweza. Ahsante. Ila niambie kitu kimoja tu: ulijuaje kwamba Jumatano asubuhi, kabla hujafika, nilichukua jani lako nikaliweka kwangu, langu nikaliweka kwako?"