Kopo la Bi Tausi

Saa mbili asubuhi Bi Tausi aliingia kwa daktari ameinama, mkono ubavuni. Daktari alimwonyesha picha.

"Huu ni mrija unaoshusha mkojo kutoka kwenye figo. Umevimba mpaka umeziba. Figo ya kushoto imejaa usaha, haifanyi kazi tena. Ya kulia nayo imeanza. Lakini mama, mbona kila tulipokupima mkojo ulikuwa safi?"

"Haukuwa wangu."

"Wa nani?"

"Wa mdogo wangu, Salima. Huwa nakuja naye." Alijifunika kanga vizuri. "Anayepima hapa ni Hamadi, mume wa mwanangu. Nimpe mkwe wangu mkojo wa damu auangalie?"

"Si ungeniambia mimi, mama!"

"Kwani wewe si mwanamume?"

Daktari alitoa kopo jingine, kwa kuwa bila mkojo wenyewe asingejua dawa ipi ijaribiwe kwenye figo iliyobaki. Salima, aliyekuwa mlangoni, alinyoosha mkono kulipokea kama alivyozoea. Bi Tausi alimsogeza kando, akalichukua mwenyewe.

Alikaa msalani muda mrefu. Alichotoka nacho hakikufika vijiko viwili, chekundu, kimechanganyika na usaha.

Kwenye dirisha la maabara, Hamadi alisimama alipomwona.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

Aliliweka kopo dirishani, akageukia ukuta. Hamadi alilipokea kwa mikono miwili, akaliinua kwenye mwanga.