Neno Alilolifuta Mama

"Sasa tunga sentensi ya Kiingereza yenye 'let'," nilimwambia Mama. "Unamwacha mtu afanye anachotaka mwenyewe."

Alichukua chaki yake ya kukatia nguo, akaandika kwenye kitambaa cheusi kilichokuwa mezani: "I let my daughter leave school." Yaani, alimruhusu binti yake aache shule.

"Hongera, mwanafunzi! Huna kosa hata moja."

Mama hakucheka. Kule kwenye kona dada yangu mkubwa alikuwa anashona sare, na kwa kelele za cherehani hakutusikia. Hadithi yake niliijua tangu nikiwa mdogo: shule ilimshinda, akaiacha kwa hiari yake, akakalia cherehani. Mimi nikasoma mpaka nikawa mwalimu wa Kiingereza.

Mama alinisogelea. "Na kama hakutaka? Kama alilia, akang'ang'ania mlango?"

Niligeuka kumtazama Dada. "Hapo ni 'made', Mama. Ni kumlazimisha."

Alilamba kidole, akafuta neno moja. Chaki ilitapakaa kama unga, nyingine ikamganda kwenye mikunjo ya kidole. Juu ya doa hilo akaandika "made", akikandamiza mpaka chaki ikavunjika.

"Sasa ndiyo sahihi," alisema.

Cherehani ikanyamaza. Dada alikata uzi kwa meno, akaja kuchukua kitambaa chake. Akayatazama yale maandishi, akatabasamu.

"Kumbe mwanafunzi wetu ameiva! Haya, mwalimu, nisomee. Mama ameandika nini hapa?"