Mkate wa Baba

Mama alipanda juu ya sanduku, akaushusha mkate wa baba kutoka kwenye msumari.

Ulikuwa ukining'inia pale tangu asubuhi aliyokwenda vitani. Aliuma kipande kimoja, kama afanyavyo kila msafiri kwetu, na uliobaki ukatundikwa umngoje arudi aumalize. Alama za meno yake zilionekana wazi, pamoja na pengo la jino lililovunjika.

"Urudishe!" Bibi alifoka kutoka chini ya blanketi. "Ukiuvunja huo, umemzika mwanangu."

"Mama, watoto hawajala tangu juzi," Mama akamjibu mkwewe.

"Mwanangu Eshmurod atakuuliza."

"Na aje aniulize! Aje leo hii, anitukane mbele ya majirani wote. Nitamshukuru."

Kila jioni Mama alitulowekea makombo ya mkate katika chai ya chumvi. Mpaka leo, uzeeni, nikiugua sitaki chakula kingine. Lakini kufikia siku ile hata makombo yalikuwa yamekwisha.

Mkate ulikuwa mgumu kama kigae. Aliuvunjia gotini, akavitia vipande katika sufuria ya chai. Kile chenye alama za meno alikishika kwa muda mrefu, akipitisha kidole gumba penye lile pengo. Kisha akakitia nacho.

Tulisubiri vilainike. Harufu ya ngano ilijaa chumba kizima.

Bibi akajiburuta kutoka kwenye godoro lake, akanyoosha bakuli.