Gunia Alilolikalia Bi Kidawa

Mkude, mkaguzi wa ghala la mji, alikuwa ameyapiga bambo, kile chuma cha kuchomea gunia na kuchotea nafaka, magunia yote stoo kwa Bi Kidawa, akabakiza moja. Hilo Bi Kidawa mwenyewe alikuwa amelikalia.

"Hili siuzi, mwanangu. Nimejiwekea la kula. Alilishona marehemu mume wangu siku ileile aliyoanguka."

Mkude aliutazama mshono. Ulianza umenyooka, kisha ukapindapinda, na fundo la mwisho lilikuwa limelegea.

"La kula ndilo nisiloweza kuliacha, mama. Mshono sitaugusa. Bambo linapita ubavuni tu."

Bi Kidawa alinyanyuka na kukinga kiganja. Mkude alilichoma gunia mpaka kile chuma kikazama chote, akakichomoa, akamimina. Mahindi yalitoka yameshikana, yana ukungu wa kijani na harufu ya uvundo.

"Yana joto," alisema Bi Kidawa.

"Yanaoza, mama. Yakifungwa mabichi huchemka yenyewe kwa ndani. Hayafai mtu wala kuku. Itabidi tulifumue, tukayachome moto."

"Nimesikia."

Lakini alikifumba kiganja, akakileta kifuani. Pale bambo lilipotoboa, punje moja moja zilikuwa zikidondoka sakafuni, na hakuna aliyeinama kuziba.

"Zitupe hizo, mama, ukanawe. Zina sumu."

"Nitazitupa, mwanangu," alisema Bi Kidawa, ngumi bado kifuani. "Ngoja kwanza zipoe."