Kidole cha Jumbe

"Shemeji, nyanyua hilo boya kwa kidole," fundi alimwambia Jumbe kule kiti cha nyuma cha gari. "Na wewe dada, tazama mshale wa mafuta hapo mbele. Ukipanda, geji ni nzima."

Jumbe alilishika boya la kupimia mafuta, lililochomolewa kwenye tangi, nyaya zake bado zimeunganishwa. Lilikuwa jepesi kama ganda la yai, na petroli ilimchuruzika mpaka kwenye kiwiko.

Usiku wa Ijumaa Jumbe hakulala nyumbani. Alidai mafuta yalimwishia mtaa wa Yeoville huku geji ikionyesha nusu tangi. Uongo ulinyooka vizuri, ila alisahau kwamba mtaa wa Bertrams una mafundi. Leo mkewe alimleta mwenyewe, na njiani alisema neno moja tu: "Geji ikiwa nzima, narudi kwetu Tanga."

"Nanyanyua!" Jumbe alipaza sauti, kidole kimetulia kama cha maiti.

"Mshale haujatikisika," mkewe alijibu.

"Si nilikwambia? Eish, geji imekufa hii!"

Fundi alilitazama boya, kisha akamtazama Jumbe.

Mkewe hakugeuka.

"Sawa, mume wangu. Sasa mpe fundi anyanyue yeye."